Safari: Neno Lililotoka Zima Likarudi Kipande

Maneno ya lugha yetu yaliyoenea duniani kote ni machache, na neno safari ni la mbele miongoni mwao. Mtu wa London au Chicago asiyejua Kiswahili hata chembe hulijua neno hili, akalitumia kila siku, akaliona kuwa ni la Kiingereza. Kwa hilo twajivunia, na si vibaya kujivunia. Lakini hapana budi tuulize: neno hilo lilipochukuliwa lilikuwa na maana gani, na leo linaturudia likiwa na maana gani? Sisi twadai kwamba lilitoka kwetu zima, limerudi kipande, na kwamba walimu wenyewe tumekipokea kipande hicho kana kwamba ndicho kitu kizima.

Muulizeni mwanafunzi wa Kasese au Bwera maana ya safari. Wengi watawajibu upesi kwamba ni wageni kupanda gari lenye paa la kufunguka na kwenda kutazama tembo na simba. Mtakeni atunge insha ya Kiswahili juu ya kwenda Kampala kwa basi, naye ataandika "matembezi" au "mwendo", akilikwepa neno safari kwa sababu njiani hakuona mnyama. Tumeyaona madaftari ambamo mwanafunzi aliandika "safari ya kumpeleka mama hospitali", na kalamu nyekundu ya mwalimu ikalikata neno hilo. Kosa la mwanafunzi latibika. Kosa la kalamu nyekundu huwaingia wanafunzi wa miaka mingi.

Basi na turudi kwenye asili. Neno hili latokana na Kiarabu safar, maana yake mwendo wa kutoka mahali kwenda pengine. Waswahili walipolipokea hawakulipunguza, walilizalisha. Tuna kusafiri na kusafirisha, msafiri na msafara, usafiri na usafirishaji. Twafunga safari, twaagana kwa kutakiana safari njema, na aliyefariki twasema amekwenda safari isiyo na marejeo. Twasema pia "safari hii hatukubali", tukimaanisha mara hii, wala hakuna aliyeondoka mahali pake. Wahenga nao walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Katika maneno yote hayo, simba yuko wapi?

Waingereza walilipata neno hili katika misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara. Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo waliolitia katika maandishi ya Kiingereza. Wakati huo maana ilikuwa ile ile yetu: watu, mizigo na njia ndefu. Baadaye maofisa wa kikoloni walipotoka bomani kwenda kukagua wilaya zao, nao walisema wako safarini. Kisha wakaja wawindaji matajiri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, akapita Kenya na Uganda, akafika Khartoum mwezi Machi 1910. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe. Safari yake ilisomwa na kusimuliwa mno, na safari za namna hiyo zilipozidi kutangazwa, masikioni mwa wageni neno likaanza kunuka baruti. Bunduki ilipoachia nafasi kamera, kilichobadilika ni chombo tu. Mnyama alibaki katikati ya maana, na yule mpagazi aliyebeba mzigo kichwani akatolewa nje ya neno lake mwenyewe.

Hata hivyo ushahidi wa maana ya kale haujafutika. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, waanzilishi waliyaita Safari. Hawakuwa wakitazama pundamilia. Walikuwa wakishindana na matope, vumbi na umbali, na huko ndiko kusafiri. Basi hata miongoni mwa wasemao Kiingereza waliokaa huku kwetu, neno lilikuwa bado na miguu yake.

Pengine msomaji atauliza kwa nini twayasema haya kutoka Kahendero. Twayasema kwa sababu mahali hapa huonyesha wazi ubaya wa maana finyu. Kahendero ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, nacho kimo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954. Gari la watalii lipitapo katika hifadhi hiyo, Kiingereza husema kwamba waliomo wako safarini. Mwanamke abebaye samaki kuwapeleka sokoni, akipita katika hifadhi hiyo hiyo penye nyati wale wale, yeye hana neno. Mmoja ni msafiri, mwingine ni sehemu ya mandhari. Nasi twajua kwamba nchi hii ilikuwa na safari kabla ya mtalii wa kwanza: chumvi ya Katwe ilibebwa kwenda Toro, Bunyoro na Ankole, na watu walivuka kwenda upande ambao leo ni Kongo na kurudi. Mtoto wa Kahendero akiamini kwamba safari ni ya wageni, ameamini pia kwamba babu zake hawakwenda popote.

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba lugha zote huazimana, na kwamba maneno hubadilika maana. Sisi wenyewe tulilichukua neno hili kwa Waarabu. Twakubali. Hatuna ugomvi na Waingereza. Waache walitumie watakavyo katika lugha yao, hata kulifanya jina la koti au la programu ya kompyuta. Ugomvi wetu ni sisi kwa sisi. Mtu akiazima jembe lako akalifanya kijiko, hilo ni lake. Wewe ukikubali kwenda kulima kwa kijiko, hiyo ni aibu yako.

Tena katika Uganda jambo hili lina uchungu wa pekee. Kwa miaka mingi Kiswahili kimebezwa hapa kuwa ni lugha ya askari na wezi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mtu yule yule akibezaye huandika "safari" kwa herufi kubwa juu ya mlango wa ofisi yake ya utalii, na kwa neno hilo akala mkate wake. Kikivaa kofia ya Kiingereza chaheshimiwa. Kikija kichwa wazi chafukuzwa. Mwalimu asiyemwonyesha mwanafunzi jambo hili anashiriki katika dharau hiyo.

Yatupasa nini basi? Kwanza, tulifundishe neno pamoja na ukoo wake wote. Pili, kwenda kutazama wanyama tukuite kwa jina lake, yaani utalii wa wanyamapori. Ni namna moja ya safari, si safari yote. Tatu, mwalimu wa Kiingereza naye awaambie wanafunzi wazi kwamba neno hili wamelikopesha wao, wala hawakulikopa. Nne, tuwape wanafunzi insha za safari zao wenyewe: kutoka Kahendero hadi Kasese, kutoka Bwera hadi Kampala, kwa miguu, kwa mtumbwi, kwa bodaboda.

Na kalamu nyekundu, ikifika penye "safari ya kumpeleka mama hospitali", ipite bila kugusa.