OLED hainunuliwi kwa inchi

JICHO LA MTEJA
Na Tatu Mwinjuma

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka inchi ngapi?" Huulizwi unakaa wapi, mko wangapi nyumbani, wala mnaangalia nini. Kwa TV za kawaida swali hilo halina madhara, maana bei hupanda na inchi na kila mtu anajua mfuko wake unaishia wapi. Shida inaanza OLED inapopangwa rafuni. Hapo utakuta skrini ya inchi 32 imebandikwa bei inayokaribiana na ya inchi 48, zote zimeandikwa OLED, weusi wake wote ni weusi kweli, na muuzaji hana maelezo zaidi ya "hiyo ndogo ni ya gemu, bosi."

Kaka yangu na mwanawe wanavutana juu ya bei hizo sasa hivi, na mimi nimefanywa hakimu bila kuomba. Kijana yuko chuo, ana kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande, na fedha kazichanga kwa kuhariri video za harusi. Anataka monita ya OLED ya inchi 32. Baba yake anauliza ni akili gani hiyo ya kununua kidirisha kwa fedha ya TV ya sebuleni. "Shangazi, mwambie baba hivi ni vitu viwili tofauti," kaniambia kijana. Ni kweli ni viwili tofauti, ila si kwa namna anayodhani yeye, wala anayodhani baba yake.

Kinachofanana kwanza. TV ya kawaida ina taa nyuma ya kioo, na kazi ya kioo ni kuuzuia mwanga au kuupitisha. Mwanga hauzuiliki wote. Ndiyo maana filamu ya usiku huonekana kama imepigwa ndani ya moshi. Kwenye OLED kila pikseli inawaka yenyewe na kuzimika yenyewe, penye giza hapawaki kitu. Tena hubadilika upesi mno, kwa hiyo shuti kali haliachi mkia nyuma ya mpira. (QLED si OLED. Ni TV ya taa nyuma, nzuri tu, lakini herufi hiyo moja imeshawaliza watu.) Vioo vyenyewe vinatoka hasa kwa kampuni mbili za Korea Kusini, LG Display na Samsung Display, ambazo huwauzia hata Sony na Dell. Kwa hiyo anayekwambia monita ina "OLED ya kisasa zaidi" kuliko TV, au kinyume chake, mwache aendelee kuongea na wewe uendelee kuangalia.

Sasa bei. Mwaka 2022 LG ilitoa TV yake ya C2 ya inchi 42 kwa dola 1,399 huko Marekani. Mwaka huohuo Dell ikatoa monita ya Alienware ya inchi 34 kwa dola 1,299. Ukipima kwa inchi, huo ni wizi wa mchana kweupe, na kaka yangu angekuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini bei ya OLED haifuati inchi peke yake. Vioo hivi hukatwa kutoka kwenye bamba moja kubwa, na kiwandani hupangwa jinsi fundi cherehani anavyopanga vipande kwenye kitambaa ili asitupe kitu: TV za inchi 48 zilizoingia sokoni mwaka 2020 zilipatikana kwa kutumia nafasi inayobaki pembeni ya vioo vya inchi 77. Monita ya inchi 32 ina mambo yake mengine. Pikseli zilezile milioni 8 za 4K zinabanwa kwenye eneo lisilofika nusu ya TV ya inchi 48, na picha inatakiwa kubadilika hadi mara 240 kwa sekunde. Wanunuzi wake pia ni wachache.

Mwenye monita, kwa hiyo, analipia ukaribu. Macho yenye afya hushindwa kuzitenganisha pikseli za TV ya 4K ya inchi 42 ukiwa umekaa sentimita 80 hivi kutoka kwenye kioo. Kwa monita ya 4K ya inchi 32, sentimita 60 na kidogo zinatosha. Chukua futi kamba ukapime meza ya kusomea iliyopo chumbani kwako. Kama ni zile tunazochongewa na mafundi wa mtaani, kina chake hakizidi sentimita 60, na TV ya inchi 42 ikisimama juu yake itakutaka ugeuze shingo kusoma saa iliyopo pembeni ya skrini. Kuna wanaoinunua TV hiyo ndogo wakiamini wamepata vyote viwili kwa bei ya kimoja. Mchana ni monita, usiku ni TV. Wazo lenyewe linavutia, mpaka ufungue ukurasa mweupe wa kuandikia.

Hapo mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kingo za herufi. Kompyuta ya Windows huchora herufi ikitegemea kwamba ndani ya kila pikseli rangi nyekundu, kijani na bluu zimepangwa safu moja. OLED nyingi hazijapangwa hivyo. Kwenye kioo cha Samsung ziko kama pembetatu, kwa hiyo ukisogeza uso karibu utaona uzi wa kijani juu ya mstari na wa zambarau chini yake. Monita zenye pikseli zilizobanana sana huuficha uzi huo. TV ya inchi 42 kwa karibu hivyo haiwezi. La pili linaudhi zaidi. TV ikiona picha haisogei kwa dakika kadhaa inajua kuna hatari, inaanza kupunguza mwanga taratibu. Wewe uko kwenye jedwali la mahesabu ya ofisi, hujagusa kitu kikubwa, na kioo kinafifia hadi unadhani macho ndiyo yameanza kuchoka. Ukibadilisha ukurasa mwanga unarudi. Baada ya muda kinafifia tena.

Geuza upande sasa, ipeleke monita sebuleni. Haina sehemu ya kuchomeka antena. Nyingi hazina spika, na zenye spika ni afadhali zisingekuwa nazo. King'amuzi utakichomeka kwa HDMI na picha itakuja, lakini sauti utaitafutia njia yake, na mama akitaka taarifa ya habari saa mbili usiku atamwita mwenye monita aje abonyeze kidude kilichofichwa chini ya kioo. Kwa umbali wa mita 3, inchi 32 ni inchi 32 tu, iwe OLED au chogo. Zile pikseli zilizobanwa kwa gharama kubwa hakuna anayeziona kutoka kwenye kochi.

Na wenye PlayStation 5 wanisikilize vizuri, maana ndio wanaouziwa 240Hz kila siku. Mashine hiyo mwisho wake ni picha 120 kwa sekunde, na gemu nyingi, ya mpira ikiwemo, huenda kwa 60. Monita ya 240Hz haitaziongeza. TV za OLED za LG zinazopokea 120Hz kwa HDMI 2.1 zipo tangu mwaka 2019, na inatosha. Anayefaidi 240Hz ni mwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki ya nguvu, anayecheza gemu za kulenga shabaha, peke yake, karibu na kioo. Mtu huyo yupo na sina ugomvi naye. Kwake monita ni chaguo sahihi, na TV ingemchosha, hasa kwa kuwa TV haina tundu la DisplayPort na hailali wala kuamka pamoja na kompyuta.

Kuna gharama nyingine ambayo karatasi ya bei haiitaji. OLED huchakaa inapowaka. Kitu kikikaa mahali pamoja miezi na miezi, pikseli za hapo huchoka kuliko majirani zake na kuacha kivuli kisichofutika. Wapimaji wa RTINGS wa Kanada waliliweka wazi mwaka 2018 walipowasha TV sita za LG C7 kwa saa 20 kila siku. Zilizokuwa zikionyesha CNN zilibaki na alama za nembo na mistari ya habari; iliyokuwa ikicheza Call of Duty ilitoka salama. Vioo vya sasa ni imara kuliko vile, lakini somo la majaribio yale halijabadilika: filamu na gemu zinazobadilikabadilika haziui kioo, kinachokiua ni kile kisichosogea.

Ndiyo maana nawaomba wenye vibanda vya gemu waachane kabisa na OLED, ya TV na ya monita. Ubao wa magoli unakaa kona ileile kuanzia asubuhi hadi usiku, mwanga umewekwa mwisho ili wa nyuma waone, halafu usiku swichi kuu inashushwa. Huwezi kukitesa kioo cha OLED zaidi ya hapo. Nunua TV ya kawaida, ikichoka nunua nyingine, na faida utaiona.

Hiyo swichi ndiyo hasa iliyonifanya niandike safu hii. OLED hujitibu. Kila baada ya takriban saa 4 za matumizi husubiri uizime kwa rimoti, halafu ikiwa imelala na umeme upo, hupima pikseli zake na kusawazisha zilizochoka. Huchukua dakika chache tu na huoni chochote. Sasa nyumba zetu nyingi zina sheria ya baba: ukimaliza kuangalia, zima ukutani, LUKU inakwenda. Kwa TV ya kawaida sheria hiyo haina hasara. Kwa OLED ni sawa na kuinyima matibabu kila usiku. Na inachookoa ni nini? TV iliyolala hula kama nusu wati, yaani uniti 4 na kidogo kwa mwaka mzima. Mwambie baba hilo kwa heshima, kisha mnunulieni kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, maana huo ndio adui wa kweli. Mgao umepungua tangu mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024, lakini umeme kukatika na kurudi kwa kishindo bado tunao.

Nirudi kwa hukumu yangu. Kijana anahariri video. Maana yake ni kwamba kwa saa 5 au 6 mfululizo, chini ya skrini yake kuna vipande vya video vilivyopangwa mstari, kushoto kuna vitufe, na juu kuna menyu, vyote havisogei. Nilimwuliza anacheza gemu saa ngapi kwa siku, akacheka, akasema siku hizi hapati nafasi. Basi monita ya OLED si yake. Anunue monita nzuri ya IPS, yaani ya taa nyuma, ya inchi 27 kwa kazi, kitakachobaki akiweke. Kuna kampuni zinazotoa waranti ya miaka 3 inayogusa alama za kudumu, Dell ilifanya hivyo kwa Alienware mwaka 2022 na wengine wakafuata. Lakini monita iliyoingia nchini ndani ya begi la mfanyabiashara kutoka Dubai, nani ataiheshimu waranti yake hapa Dar? Kijana hakufurahi. Ameniambia nimeanza kuzeeka.

Baba naye asishangilie. TV ya OLED ya inchi 55 inaifaa sebule yake, ambako kochi liko mita 3 kutoka ukuta wa TV, na sasa familia nzima itaifaidi pamoja na PlayStation ya wadogo. Ila sebule hiyo ina madirisha mawili makubwa upande wa magharibi, na yeye ni mtu wa mechi za saa kumi jioni. OLED haipendi jua. Zile zenye kioo cha Samsung, mwanga wa chumba ukizipiga, weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau, na uzuri wote uliolipiwa unasubiri magharibi iingie. Aanze na mapazia mazito. Asipotaka mapazia, TV ya taa nyuma yenye mwanga mkali itamfaa zaidi na bei itakuwa chini.

Wengi wetu, najua, hatutanunua mpya. OLED zilizotumika zinaingia kwa wingi, na zinang'aa sana dukani kwa sababu muuzaji anachezesha video ya samaki na maua. Mwombe aizime hiyo. Baadhi ya TV huonyesha kwenye menyu idadi ya saa zilizowaka, iangalie. Kisha mwambie afungue YouTube, atafute skrini ya kijivu cheusi, halafu nyekundu tupu, halafu njano, na kila rangi ikae dakika nzima bila haraka. Simama karibu, angalia kona za juu ambako nembo za vituo hukaa, na ukanda wa chini unapopita mstari wa habari. Kama kuna kivuli cha herufi, hakitatoka, na hakuna fundi wa kukitoa. Akikwambia intaneti imekata, muunganishe na ya simu yako.