Boriti Zisizobeba Dari: Mapango ya Ellora na Mgogoro wa Ushairi Wetu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kuwa kutembea pia ni kuyaona upya yale uliyodhani umekwisha kuyaona. Makala haya yanahusu safari ya siku mbili niliyoifanya katika mapango ya kale ya Wabudha nchini India. Hata hivyo, mpenzi msomaji asishangae akijikuta, kabla hatujafika mbali, katikati ya ugomvi wetu wa miaka mingi kuhusu vina na mizani. Sikwenda huko kuutafuta ugomvi huo, ila ndio nilioukuta.

Mwaka jana niliandamana na mjomba wangu hadi mji wa Pune, katika jimbo la Maharashtra, alikokwenda kupasuliwa moyo. Mjomba ni mzaliwa wa Lamu, mwashi kwa kazi na malenga kwa mapenzi. Sijapata kumwona akiandika hata barua ya kudai deni bila ya kuitia vina. Mimi nami naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushairi huru, na kwa miaka mitatu tulikuwa hatuelewani. Yeye huyaita mashairi yangu maneno yaliyokatwakatwa. Mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kumwambia mbele ya watu kuwa mashairi yake ni hesabu wala si sanaa. Hakunijibu. Tangu siku ile hakunisomea tena shairi lake lolote.

Wiki ya pili baada ya upasuaji, daktari alipokwisha kutuhakikishia kuwa hatari imepita, mjomba alinifukuza wodini. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu jina hilo watu huitana pande zote mbili, "nenda ukatembee. Ukinikodolea macho hivi kila saa utanitia ugonjwa mwingine." Ijumaa usiku nikapanda basi kuelekea mji wa Chhatrapati Sambhajinagar, ambao hadi mwaka 2023 uliitwa Aurangabad. Kutoka mji huo, Ajanta iko umbali wa takribani kilomita 100, na Ellora kilomita 30 hivi.

Jumamosi nilikuwa Ajanta. Mto Waghora umelikata bonde pale kwa umbo la kwato la farasi, na katika ukuta wa mwamba kuna mapango 30 yaliyochongwa kwa mikono ya binadamu. Mengine ni makao ya watawa, yenye vyumba vidogo vya kulala vinavyouzunguka ukumbi. Mengine ni kumbi za ibada zenye safu mbili za nguzo, na mwishoni mwa ukumbi ipo stupa, yaani kuba imara inayotukuzwa na waumini kwa niaba ya Budha. Mapango ya kwanza yalichongwa karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo. Yaliyo mengi ni ya karne ya 5 baada ya Kristo, na humo ndimo zilimo picha za ukutani zilizoipa Ajanta sifa duniani, hata UNESCO ikaiorodhesha miongoni mwa urithi wa ulimwengu mwaka 1983.

Picha hizo nitawaachia wajuzi wa uchoraji. Mimi nilinaswa na dari. Katika pango la 10, ambalo ni miongoni mwa yale ya kale zaidi, mlinzi alinielekeza kutazama juu. Hapo zamani dari ile ya mwamba ilikuwa na mbavu za mbao zilizopindwa kama upinde. Mbao zimeoza na kupotea. Alinieleza kuwa katika pango la Karla, lililoko baina ya Mumbai na Pune, mbavu za namna hiyo bado zingalipo. Nikamuuliza zilikuwa za kazi gani, maana mwamba hauhitaji kushikiliwa. Akacheka na kusema kuwa hazikushikilia chochote. Kabla ya watawa kuhamia mapangoni, kumbi zao zilijengwa kwa mbao na paa lao lilisimama kwa mbavu hizo. Walipohamia kwenye mwamba, walihama na mbavu zao.

Kisha akanipeleka pango la 26, la karne ya 5. Humo mbavu zipo, lakini si za mbao tena. Zimechongwa katika mwamba wenyewe, moja baada ya nyingine.

Jumapili nikaenda Ellora, kwenye mapango 34 ya dini tatu: ya Wabudha, ya Wahindu na ya Wajaini, yote kwenye kilima kimoja. Pango la 10 ni ukumbi wa ibada wa Kibudha uliochongwa yapata karne ya 7. Mbavu za dari yake zimechongwa kwa ustadi mkubwa hivi kwamba wenyeji hukiita mahali hapo kibanda cha seremala, ilhali hakuna seremala aliyewahi kupachika ubao mle ndani. Kikundi cha mahujaji kiliingia, kikaketi mbele ya sanamu kubwa ya Budha, kikaanza kuimba sala. Sauti zao zilipanda hadi kwenye mbavu zile na kuchelewa kushuka. Nilisimama kando nikamkumbuka mjomba.

Kwa nini mjomba? Mwashi wa Lamu anaijua boriti. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, boriti za mkoko ndizo zinazobeba dari, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Zege lilipokuja, chumba kikaweza kupanuliwa apendavyo mwenye nyumba. Lakini wapo waliojenga kwa zege na bado wakaning'iniza boriti chini ya dari, eti bila boriti nyumba haifanani na nyumba. Mjomba mwenyewe amewajengea wateja wengi namna hiyo.

Kwa hakika nilitoka katika pango lile nikiwa na furaha ya mshindi. Nilijiambia: hivi ndivyo vina na mizani vilivyo. Ushairi wetu ulipokuwa wa kughanwa, vina vilibeba kumbukumbu na mizani ikabeba pumzi ya mghani. Tulipohamia kwenye karatasi, tulihama na mbavu zetu, nazo sasa hazibebi chochote. Nilikuwa nimepata sura nzima ya tasnifu yangu!

Lakini pango la 16 lilinituliza. Hilo ni hekalu la Kailasa, la Mungu Shiva wa Wahindu, lililochongwa karne ya 8 zama za mfalme Krishna I wa ukoo wa Rashtrakuta. Wachongaji walianzia juu ya kilima, wakashuka wakichonga, hadi likapatikana hekalu zima lililosimama wazi ndani ya ua wake, pasi na jiwe moja lililowekwa juu ya jingine. Mwenye kujenga kwa matofali akikosea hubomoa na kupanga upya. Mwenye kuchonga kutoka juu hana fursa hiyo, kwa kuwa jiwe likishakatwa halirudi. Nilijiuliza ni wangapi kati yetu sisi wa mashairi huru tunaopima kila neno kwa hofu ya namna hiyo. Nilikumbuka mashairi yangu kadhaa niliyoyaandika kwa dakika kumi, nikayaita huru.

Jambo la pili lilinikuta njiani nikirudi mjini. Kilomita chache kutoka Ellora kuna mji wa Khuldabad, na humo limo kaburi la Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548, akauzwa utumwani, akafikishwa India, na hatimaye akawa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar. Mwaka 1610 aliuasisi mji wa Khadki, ndio huo uliokuja kuitwa Aurangabad. Alifariki mwaka 1626. Nilisimama kaburini pake nikawaza hoja inayorudiwa mno katika makongamano yetu, kwamba ushairi huru ni mgeni na kwa hivyo hauna haki nyumbani. Kama mgeni aliyeletwa kwa minyororo aliweza kuwajengea wenyeji mji, basi ugeni peke yake hautoshi kuwa hukumu. Swali la haki ni hili: mgeni huyu amejenga nini?

Nilifika Pune alfajiri ya Jumatatu. Mjomba alikuwa macho. Aliniambia nichukue kalamu. Kumbe zile siku tatu alizolala katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira ukiwa kooni, asiweze kusema wala kuandika, alikuwa akitunga. Akanisomea beti kumi na moja, nami nikaandika. Alikwama mara moja tu, ubeti wa saba. Akafumba macho, akakirudia kina cha kati kwa sauti ya chini mara mbili, na neno likaja. Alipomaliza aliniambia, "Haya, nisomee na wewe lako moja, la moyoni." Nilianza. Mshororo wa nne ukanitoka. Nilijaribu shairi jingine, nalo likanitoka. Mjomba hakucheka. Aliomba maji tu.

Kwa hiyo ile sura niliyoipata pangoni ilibidi niifute. Kwa mtu aliyelala bila kalamu, vina si boriti za kuning'iniza chini ya zege. Vinabeba dari kwelikweli. Kosa langu lilikuwa kuiona dari moja tu, ile ya karatasi.

Wasomaji wa jarida hili wanaijua historia ya mgogoro huu. Amri Abedi alitupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kezilahabi akatupa Kichomi mwaka 1974, na tangu hapo tumegawanyika kambi mbili, kila moja ikiishutumu nyingine. Lakini hebu tuwatazame washairi wenyewe badala ya wapambe wao. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu cha Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi ya arudhi kamili, akayaandika kwenye karatasi za msalani, yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Nani atathubutu kusema kuwa vina vile ni pambo tupu? Kwa upande mwingine, Kithaka wa Mberia katika Mchezo wa Karata, 1997, aliyapanga maneno juu ya ukurasa hadi umbo lenyewe likawa sehemu ya maana. Nani atathubutu kusema kuwa shairi kama hilo halikupimwa? Wote wawili walijua dari yao ni ipi na boriti yao inabeba nini.

Maoni yangu basi ni haya. Swali la kuuliza mbele ya shairi lolote si kama lina vina au halina. Swali ni: kila kilichowekwa humu kinabeba nini? Kina kinachobeba kumbukumbu, wimbo au mshangao, na kibaki. Kina kilichotafutwa kwenye kamusi ili kujaza nafasi, hata maana ikapinda, hicho ni boriti ya bandia. Vivyo hivyo mshororo uliokatwa katikati ya sentensi bila sababu, ili ukurasa ufanane na shairi, nao ni boriti ya bandia. Kambi zote mbili zina boriti hizo, tena tele.

Aidha, tuwe wakweli kuhusu sisi vijana. Wengi wetu tumeikimbilia huria kwa sababu arudhi ilitushinda. Asiyeijua arudhi hana arudhi ya kuvunja. Walioichonga Kailasa kutoka juu walikuwa warithi wa karne nyingi za wachongaji waliotangulia.

Kwa mintarafu ya hayo, napendekeza mambo mawili kwa chama chetu. Mosi, waamuzi wa mashindano yetu ya ushairi waache kutoa alama kwa kuhesabu mizani peke yake, na waache pia kutoa alama kwa sababu shairi limeonekana la kisasa. Wamtake kila mshindani aeleze umbo lake linabeba nini. Pili, katika mikutano yetu ya kila muhula, kila anayesoma shairi lake alisome kwa ghibu, liwe la arudhi au huru. Wa arudhi watagundua kama kina chao kinawashika mkono au kinawasukuma. Sisi wa huria nasi tutagundua kama tumeandika kitu kinachoweza kukaa ndani ya mtu.

Najua kuna watakaosema kuwa siku hizi kuna simu ya kurekodi kila kitu, hivyo kukariri ni kazi bure. Nawajibu kuwa mjomba pia alikuwa na simu. Ilikuwa kwenye droo ya muuguzi, mlango wa pili.

Mjomba amerudi Lamu, na alhamdulillahi anatembea hadi forodhani kila jioni. Bado hatukubaliani. Mwezi uliopita nilimpelekea shairi langu jipya, huru kama mengine, lakini hili nimelihifadhi kwa moyo. Aliposomewa alikuwa akihesabu kwa vidole, mazoea hayana tabibu, kisha katikati akaacha kuhesabu, akasikiliza hadi mwisho.