Utajiri Haukuchuja Maji ya Hamburg

Mwandishi mmoja anadai viwanda viliitajirisha Ulaya, na utajiri huo ukafukuza kipindupindu bila serikali kutia mkono. Basi atueleze habari za Hamburg.

Mwaka 1892 Hamburg ilikuwa bandari kubwa kuliko zote Ujerumani, na fedha hazikuwa tatizo. Kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,000. Elimu nayo haikukosekana: Robert Koch alikuwa ameshakitambua kijidudu chake miaka kadhaa kabla. Kilichokosekana ni mchujo wa maji. Wafanyabiashara waliotawala mji walibishania gharama miaka nenda rudi, wananchi wakinywa maji ya mto Elbe bila kuchujwa.

Jirani kabisa, Altona ilichota maji ya mto huohuo, tena chini zaidi, baada ya Hamburg kumwaga humo vinyesi vyake. Lakini iliyachuja kwa mchanga, ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Kulikuwa na nyumba za wapangaji ndani ya Hamburg zilizounganishwa na bomba la Altona. Ugonjwa ulizizunguka, haukuingia. Hao wapangaji walikuwa matajiri? Hata kidogo! Walikuwa na bomba tofauti tu.

Mchujo wa Hamburg ulianza kazi 1893, maelfu wakiwa wameshazikwa.