Umeme wa sola nyumbani wahitaji swichi yake maalum

KUPOTEA kwa umeme katika sehemu kubwa ya nchi mnamo Septemba 6, 2024 kuliwakumbusha Wakenya jinsi wanavyoitegemea laini ya kutoka Ethiopia. Laini hiyo ya volti 500,000 ilijikata ikiwa imebeba megawati 200, baada ya hitilafu kuikumba laini ya Loiyangalani inayosafirisha umeme wa upepo wa Turkana.

Ni wachache, hata hivyo, waliotambua kwamba umeme huo wa Ethiopia husafiri kilomita 1,045, kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa, ukiwa wa aina moja na ule unaotoka kwenye paneli za sola zilizo juu ya nyumba zao. Mafundi huuita DC, yaani umeme unaotiririka upande mmoja bila kugeuka.

Umeme wa kawaida wa Kenya Power, ambao ni AC, hubadilisha mwelekeo na kufika sifuri mara 100 kila sekunde. Swichi ya kukata umeme inapofunguka, cheche inayoruka kati ya vyuma vyake huzimika papo hapo. DC haufiki sifuri. Swichi isiyoundwa kwa kazi hiyo inapofunguka, cheche yaweza kuendelea kuwaka kama mwali wa fundi wa kuchomelea vyuma, ikaiyeyusha swichi yenyewe na kuwasha moto nyumbani.

Tatizo hilo liliwatatiza wahandisi kwa miongo mingi. Ni mnamo 2012 ambapo kampuni ya ABB ilitangaza swichi ya kukata DC yenye volti nyingi kwa muda wa milisekunde 5. Uchina nayo ilitumia swichi za aina hiyo katika mtandao wa Zhangbei, wenye vituo vinne, uliozinduliwa 2020. Laini ya Ethiopia ina ncha mbili pekee, hivyo mitambo ya kubadilisha umeme iliyoko huko na Suswa hutosha kuusimamisha.

Paani hakuna mitambo ya aina hiyo wala mhandisi wa zamu. Paneli kumi zilizounganishwa kwa mfululizo zaweza kutoa volti 400, na maadamu jua linawaka haziachi kuzalisha umeme. Kinga iliyopo ni swichi.

Kwa bahati mbaya, swichi ya AC na ile ya DC hufanana kwa umbo, na ni rahisi kwa fundi asiyehitimu kutumia aliyo nayo mkononi. Hata baadhi ya zile za DC zina upande wa chanya na wa hasi. Zikiunganishwa kinyume, huenda zikashindwa kuzima cheche. Kasoro hiyo haionekani siku ya kuweka mtambo, kwani taa huwaka vyema. Hujitokeza siku ya hitilafu.

Kanuni za umeme wa jua za 2012 zinahitaji mafundi wa sola wawe na leseni. Ni jukumu la Epra kuhakikisha zinafuatwa mashinani, huku mwenye nyumba naye akidai kuiona leseni ya fundi, na kuthibitisha kwamba swichi imeandikwa DC na kwamba volti zake zinazidi zile za paneli zote kwa pamoja. Tahadhari kabla ya hatari.