Mumiani Aingie Darasani

Ukitaka darasa la tano linyamaze, usigonge meza. Sema tu, "Leo tunaongelea mumiani."

Jumamosi huwa tunakwenda na wenzangu kuwasaidia watoto kusoma katika shule moja ya msingi jirani na chuo. Mtoto ambaye aya moja ya kitabu cha kiada inamtoa jasho, huyo huyo atakusimulia dakika kumi bila kukwama habari za gari linalobeba watoto, au za yule dada mrembo anayeomba lifti usiku, dereva akitazama chini anaona kwato. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba watoto hawa hawana lugha. Wanayo, ila sisi tunaiacha nje ya mlango wa darasa. Mimi nasema tuiingize ndani.

Anza na kusoma na kuandika. Mtoto asimulie, mwalimu aandike ubaoni maneno yale yale, kisha darasa lisome. Hakuna neno gumu pale, maana ni maneno yao. Halafu kila mmoja aandike kisa alivyokisikia yeye. Hapo ndipo ubishi unapoanza: gari lilikuwa jeusi au jekundu? Ilikuwa mtaa gani? Mtoto anayebishana juu ya neno moja ameshaanza kuwa mwandishi.

Kisha utafiti. Swali la kwanza ni dogo tu: "Nani kakuambia? Yeye aliona, au naye aliambiwa?" Mpe kazi ya nyumbani: awaulize watu wazima watatu, aandike kila mmoja alisikia wapi na lini. Wakirudi, fungueni kamusi. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, na kwamba wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya watu. Leo mtoto akisema mumiani anamaanisha mtu mnyonya damu. Neno limehama kutoka kwenye dawa hadi kwa mtu! Hilo peke yake ni somo la kipindi kizima.

Wakubwa kidogo, wa kidato cha kwanza, wanaweza kwenda mbali zaidi. Mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu mwaka 2000 kuhusu visa hivi vya enzi ya ukoloni. Kenya na Uganda, waliosemwa kuchukua damu za watu waliitwa wazimamoto. Kwa nini wazimamoto jamani? Waache watoto wakisie: sare, magari, watu wa serikali ambao kazi yao mwananchi hakuelezwa vizuri. White hakuishia kuuliza kama kisa ni kweli au uongo. Aliuliza kinatuambia nini kuhusu hofu za waliokisimulia.

Na sanaa je? Waambie wamchore yule dada wa kwato. Mmoja atachora za punda, mwingine za mbuzi, mwingine za ng'ombe. Bandika picha zote ukutani na uulize: mbona hazifanani, na wote mnasema ni mtu mmoja? Kalamu ya rangi inamlazimisha mtoto kuamua jambo ambalo mdomo ulilipita haraka. Kisha waambie kwamba Morocco nako yupo mwanamke wa kusimuliwa, Aisha Kandisha, naye ana kwato.

Najua pingamizi lipo. Wazazi watasema tunafundisha ushirikina, watoto watakosa usingizi. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo tuchague. Popobawa, kwa jinsi anavyosimuliwa, si wa darasa la tano. Kisa kisimuliwe asubuhi, kisimtaje jirani wa mtu, na kisiishie kwenye kutisha. Lakini tukinyamaza, kisa hakifi. Kitaendelea kusimuliwa chooni na kwenye daladala, ambako hakuna anayeuliza swali.

Na visa hivi vinaua. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa kule Unguja, umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili ukidhani ndiye. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya wananchi, hadi Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Waliorusha mawe walikuwa watoto zamani, nao walisikia visa. Sijui kama yupo aliyewafundisha kuuliza, "Nani aliona?"

Sisi wenyewe tunakutana na mbinu za utafiti chuoni, tena kwa ajili ya GPA. Jioni yake tunasambaza kwenye kundi la WhatsApp sauti ya mtu tusiyemjua kuhusu watoto walioibwa. Umechelewa mno kujifunza kuuliza ukiwa na miaka ishirini na mbili.

Kwa hiyo wewe unayekwenda TP muhula huu, beba karatasi za manila, kalamu za rangi na kisa kimoja cha mtaa ule ule unaokwenda kufundisha. Omba kipindi kimoja tu. Watoto wakimaliza kusimulia, usiwaambie kisa ni cha kweli au cha uongo. Waulize watajuaje, kisha wape daftari waanze kazi.