Si ni injini ya Toyota tu?

Naomba nianze kwa kukiri kosa, maana jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu na rafiki zangu wameshachoka kunisikiliza.

Miaka miwili iliyopita niliandika habari gazetini kuhusu kijana mmoja wa Mbagala aliyejenga gari uani kwa mama yake. Hapa nitamwita Fundi tu. Jina lake limeshasemwa vibaya vya kutosha, na mimi nina mchango wangu katika hilo.

Gari lilikuwa la watu wawili, halina paa, pua ndefu kama ya mamba. Chasisi aliichomelea mwenyewe kwa skwea paipu. Bodi aliikunja kwa bati, akitumia nyundo ya mpira na gogo la mwembe. Injini, giaboksi, propela shafti, difu na usukani alivitoa kwenye Toyota Mark II iliyogongwa ubavuni, iliyokuwa inaoza kwenye gereji ya jirani. Alinieleza yote haya bila kuficha chochote. Nilimrekodi, na juzi nimesikiliza tena. "Injini ni ya Toyota kaka. Mimi siwezi kutengeneza injini. Nimeunganisha."

Mnajua niliandika nini? Niliandika kwamba ametengeneza gari, kila kitu, kwa mikono yake mwenyewe. Ningefurahi kumtupia lawama mhariri, lakini maneno ya injini niliyakata mimi, kwenye kompyuta yangu, kabla habari haijafika kwake. Nilijua nikiyaacha habari itapungua utamu. "Kijana aunganisha gari kwa vipuri vya Mark II" nani atanunua gazeti kwa hilo?

Habari ikatoka, na picha kubwa. Siku mbili baadaye watu wakaanza kumiminika kwa mama yake Fundi. Wakafunua boneti, wakakuta TOYOTA imeandikwa juu ya injini, herufi kubwa. Basi. Kicheko. Tapeli. Ametudanganya. "Si ni injini ya Toyota tu?" Hata chumba cha habari kwetu walicheka, na mimi (najionea aibu kuandika hili) nilicheka nao.

Aliponipigia simu hakugomba. Aliniuliza swali moja: "Sasa kaka, mimi si nilikwambia?"

Mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye chuo alirudi likizo kutoka Uingereza, akaniletea kitabu kikuukuu alichookota kwenye duka la mitumba kule. Kimeandikwa na mwalimu mmoja anaitwa Ron Champion, kikachapishwa na Haynes mwaka 1996. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema jenga gari lako la michezo kwa pauni 250 tu. Nilidhani ni mzaha. Nikaanza kufungua kurasa, nikaikuta Mbagala.

Namaanisha kweli. Gari la viti viwili, halina paa, pua ndefu. Chasisi ya skwea paipu ya inchi moja. Bodi ya bati la aluminiamu unalolikunja mwenyewe. Na injini? Unatafuta Ford Escort iliyochoka, ambayo imeliwa na kutu hadi haifai tena barabarani, unang'oa injini, giaboksi, ekseli ya nyuma, breki na usukani, unavihamishia kwenye chasisi yako. (Escort hizo ni ukoo ule ule ulioshinda Safari Rally mwaka 1972 na 1977, wazee wenu watazikumbuka.) Vinavyobaki unauza, ndiyo maana hesabu inashuka hadi hiyo pauni 250, ingawa wengi waliojenga walitumia zaidi, tena zaidi sana.

Kitabu kizima ni kuunganisha. Hakuna ukurasa hata mmoja unaokuambia utengeneze injini. Na kwa kitabu hicho watu wengi sana wamejenga magari kwenye vibanda vyao, wahasibu, mafundi bomba, walimu, wastaafu, jioni baada ya kazi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayewaita matapeli.

Nikaanza kuchimba. Kumbe mchezo huu ni wa zamani kule. Miaka ya 1950 vijana wa Kiingereza walikuwa wananunua Austin Seven kuukuu, wanavua bodi, wanavisha bodi nyingine waliyojitengenezea. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus akatoa Lotus Seven, ambayo ungeweza kuinunua vipande vipande ukaenda kuunganisha nyumbani. Na sababu kubwa ya kuuza vipande itawafurahisha wabongo: kodi! Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, na ilikuwa kubwa, vipande havikutozwa. Inasimuliwa kwamba sheria haikuruhusu kuambatanisha maelekezo ya kuunganisha, basi Lotus wakaweka maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi ayasome kuanzia mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kusimama bandarini akisubiri kuambiwa kodi ya gari lake atawaelewa hawa watu mara moja.

Mwaka 1973 Uingereza ikaleta VAT na ile nafuu ikafa. Lakini tabia haikufa. Mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za Lotus Seven, na hadi leo inauza gari hilo, ukitaka zima, ukitaka vipande. Lile la Ron Champion ni mtoto wa nje wa hilo hilo, la watu wasio na hela ya Caterham.

Sasa hapa ndipo penye jambo langu. Nilipokuwa nasoma nilitegemea kukuta vipaji. Nilichokikuta ni vipimo. Kitabu kina orodha ya kila kipande cha paipu, urefu wake, kimekatwa kwa pembe gani, kinakaa wapi. Na kilikuwa na makosa! Baadhi ya vipimo vya mwanzo havikuwa sahihi, wajenzi walipokata paipu wakakuta havikutani. Walichofanya ni kuambiana. Huyu kakosea hapa, akasahihisha, akawapa wenzake. Escort zilipoadimika wakahamia Ford Sierra. Sierra ni pana zaidi na nyuma yake imefungwa kwa mtindo tofauti, kwa hiyo chasisi ya kitabuni haikufaa. Watu wakakaa chini, wakapanua chasisi, wakachora upya, michoro ikagawiwa bure. Baadaye wakahamia Mazda MX-5, hadithi ikawa ile ile. Mtu amekesha wiki nzima kwenye kibanda chake baridi akitafuta namna ya kufunga pedali tatu kwenye nafasi ya mguu mmoja, akipata tu anapiga picha, anaweka na vipimo, chukueni.

Hebu nendeni Gerezani mkaombe kipimo.

Siwasemi vibaya mafundi wetu, nimekulia jirani na gereji na nawaheshimu. Lakini tunajua hali ilivyo. Ujuzi wa fundi ni shamba lake, na hakuna anayegawa shamba. Kijana anakaa miaka minne akishika tochi na kuletewa "nipe kumi na nne, nipe kumi na saba" kabla hajaonyeshwa kitu chenyewe, na fundi mkuu akifa ameondoka na kila kitu kichwani. Halafu tunasema Watanzania hatuwezi kutengeneza magari, wakati sisi ni watu wa kuunganisha siku zote! Mkokoteni una ekseli ya gari. Chai maharage tuliyosimuliwa na wazazi wetu, malori madogo yaliyowekewa mabenchi na paa yakabeba abiria wa Dar, yalikuwa nini? Mabasi mangapi ya mikoani yamejengewa bodi hapa hapa juu ya chasisi iliyokuja uchi? Waliojenga hawana kitabu. Wanayo mikono, na siku wakistaafu mikono inastaafu nayo.

Wapo watakaoniambia habari za Nyumbu kule Kibaha, au Nyayo Pioneer ya Kenya ambayo Rais Moi aliiagiza mwaka 1986, au Kiira EV ya Makerere ya mwaka 2011. Nazijua, na nazipenda. Lakini hizo ni kazi za serikali na vyuo vikuu. Mimi nazungumzia mtu na uani kwao.

Na wapo watakaoniambia habari za usalama, na hao wana haki zaidi. Nilipanda gari la Fundi. Lilikimbia vizuri, lakini alipokanyaga breki lilivutia kushoto, kidogo, ila kwa kasi ya Kilwa Road hiyo kidogo inaua. Sitaki gari la namna hiyo nyuma ya mtoto anayevuka kwenda shule. Waingereza nao hawakutaka. Mwaka 1998 wakaanzisha ukaguzi maalumu wa gari moja moja kwa magari ya aina hii, na mwaka 2009 ukaja mwingine mkali zaidi unaoitwa IVA. Unapeleka gari lako, mkaguzi anapima breki, usukani, taa, mikanda, vioo, moshi, kelele. Anaangalia hadi kona kali: ncha ya chuma inayoweza kumgusa mtu nje ya gari lazima iwe na mviringo, si chini ya milimita 2.5, ndiyo maana magari yao yana nati zilizovikwa vikofia vya plastiki kama watoto wa nasari. Wengi hufeli mara ya kwanza. Wanapewa orodha ya makosa, wanarudi kibandani, wanarekebisha, wanarudi. Ukifaulu unapata namba. Kama asili ya vipuri vyako haieleweki, unapewa namba inayoanza na herufi Q, ili kila atakayelinunua ajue hili gari limezaliwa kwa namna yake.

Nikikumbuka ile orodha ya makosa natamani kulia. Hebu fikiria Fundi angepewa karatasi imeandikwa: breki inavuta kushoto, rekebisha, rudi. Angerudi baada ya siku tatu! Badala yake nilizunguka ofisi tatu kumuulizia gari la namna hii linapelekwa wapi. Ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ya tatu, na ya tatu yule bwana alinitazama kwa huruma akasema, "Kijana, si anunue gari tu?"

Sisi waandishi tuna ugonjwa wetu hapa. Tunapenda muujiza. Kijana hajasoma, hana kitu, ghafla ametengeneza gari, redio, helikopta. Picha, makofi, kesho tunahamia kwingine. Muujiza hauulizwi paipu ni ya inchi ngapi. Mimi nilikaa na Fundi saa tatu na sikuandika kipimo hata kimoja, wakati vipimo ndivyo ambavyo kijana mwingine wa Mwanza au Mbeya angevikata na kuvibandika ukutani.

Jumamosi iliyopita nikachukua kitabu nikaenda Mbagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwandishi." Namna alivyolitamka hilo neno mwandishi ninyi mngesikia wenyewe.

Gari lipo uani chini ya turubai. Kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Fundi siku hizi anachomelea mageti na madirisha, biashara si mbaya. Alipokea kitabu bila maneno mengi, akapangusa mikono, akakaa juu ya tairi. Kiingereza hakimpi shida kwa sababu hakukigusa, alikwenda moja kwa moja kwenye michoro. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akainuka, akavua turubai, akafukuza kuku, akachukua tepu na kuanza kupima sehemu ya mbele ya chasisi, akitazama kitabu, akipima tena.

Kitabuni, pale mkono wa tairi la mbele unaposhika, kuna paipu ya mshazari. Kwake haipo.

"Hapa ndipo panapopinda," akasema. Hakuniambia mimi, alikuwa anaongea na gari. "Nikishika breki hapa panapinda. Ndiyo maana linaenda kushoto."

Halafu akaanza kunieleza kwa nini chasisi ya kitabuni haiwezi kumtosha hivi ilivyo, kwamba Escort ina injini fupi ya silinda nne, yake ni silinda sita imenyooka, ndefu na nzito, kwa hiyo kila kitu cha mbele inabidi kisogee. Safari hii nilikuwa na daftari. Nimeandika namba zote, urefu wa chasisi yake, upana, umbali wa kutoka ekseli hadi ekseli, unene wa paipu, na pale alipokosea. Nikishazihakiki naye nitaziweka hapa, atakayetaka achukue.

Nilipokuwa naaga akaniuliza, "Utaandika?"

"Nitaandika."

"Na injini?"

"Ya Toyota."

Akatikisa kichwa. "1G. Andika 1G. Toyota zina injini nyingi."