Nyumba na Jamaa: Maji ya paa letu yanaenda wapi?



Tuko mwisho wa mwezi wa sita. Mvua imetuaga, vumbi limeanza kuingia nyumbani, na watoto wanamaliza shule. Huu ndio wakati ambapo kila mmoja wetu hapa Bukavu anaangalia paa lake na kusema: "Mvua bado iko mbali." Sisi pia tulisema hivyo mwaka jana. Juma hili tunawaeleza namna maneno hayo yalivyotugharimu.

Mnaijua nyumba ndogo ya mbao tunamokutana siku ya posho. Gutiere yake ya upande wa chini ilikuwa imejaa majani ya avoka na udongo tangu Pasaka. Tuliandika katika daftari: "Mwezi wa saba, kusafisha gutiere na kupiga misumari ya paa." Mwezi wa saba ukaja na ndoa mbili. Mwezi wa nane pesa ya misumari ikaingia katika unifomu za watoto. Mwezi wa tisa, juma la kwanza, mvua ikanyesha usiku. Gutiere ikashindwa na uzito, ikakatika katikati, na maji yote ya paa yakaanguka juu ya jiko la mama anayekaa chini yetu.

Asubuhi tulimkuta anatoa unga wa muhogo uliogeuka tope, chumvi aliyokuwa akiuzisha, na madaftari mapya ya watoto. Tukaanza kusema: "Pole, mama, mvua ya mwaka huu ni kali." Akatuangalia, akasema: "Mama zangu, mvua ni ya Mungu. Lakini maji haya ni ya paa lenu."

Hakupiga kelele. Tungeona nafuu kama angepiga kelele. Tulichanga, tukamrudishia unga, chumvi na madaftari, tukabadilisha mbao tatu za jiko lake. Tulipofunga hesabu tuliona kwamba pesa iliyotoka ilikuwa karibu mara nane ya ile tuliyokataa kutoa mwezi wa saba.

Bidoni 30 usiku mmoja

Tupige hesabu pamoja, maana wengi hatujui paa letu linabeba nini. Chukua paa dogo la mita 6 kwa mita 5. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ya ajabu, inaweka juu ya paa hilo litre 600 za maji. Hizo ni bidoni 30 za litre 20. Kama tungemwona mtu anasimama mlangoni pa jirani na kumwaga bidoni 30 kwenye ukuta wake, tungemwita mchawi. Lakini paa lisilo na gutiere, au lenye gutiere iliyoziba, linafanya kazi hiyo sisi tukiwa tumelala.

Mji wetu uko juu ya milima na mabonde. Nyumba ya mmoja iko juu ya kichwa cha mwingine. Kwa hiyo kutunza nyumba kwetu si urembo, wala si kazi ya wenye pesa. Ni namna ya kuishi na jirani wa chini.

Kazi za kiangazi: mwezi wa sita hadi wa nane

Tuanze juu, tuteremke. Asubuhi jua likiwaka, ingia ndani, funga mlango na madirisha, angalia manjanja kutoka chini. Kila mahali mwanga unapoingia kama nyota, maji yatapita. Weka alama kwa makala. Msumari uliolegea upigwe upya au ubadilishwe kwa msumari wa paa wenye kofia. Anayepanda akanyage juu ya mistari ya misumari tu, kwa sababu hapo ndipo mbao iko chini. Akikanyaga katikati, njanja litapinda. Na asipande peke yake: mwingine ashike ngazi.

Kisha gutiere. Toa majani na udongo, mimina ndoo moja ya maji upande mmoja, uangalie. Maji yakisimama katikati, gutiere imelala vibaya. Inua upande huo kidogo. Maji yafike katika pipa au katika mufereji. Yasiachwe kuruka hewani.

Mufereji wenyewe uchimbwe sasa, udongo ukiwa mkavu. Tuufuate kwa macho hadi unapoishia. Ukiishia kwa ukuta wa mtu, kazi haijaisha. Na tusitupe chupa na mifuko ya plastiki humo. Takataka hizo zinateremka hadi Ziwa Kivu, kutoka ziwa zinaingia Ruzizi, zinaziba mashine za barrage, halafu tunakaa gizani tukiuliza kwa nini umeme umekatika. Sehemu ya jibu tuliitupa wenyewe.

Mbao za chini ndizo zinazooza kwanza, kwa sababu matone yanaruka kutoka udongo. Ondoa udongo uliopanda juu ya mbao, panga mawe chini ya ukuta, uache mbao ipumue. Chomoa kidogo kwa kisu: kikiingia kama katika mkate, mbao hiyo imekwisha. Wengi wetu tunapaka mafuta meusi ya gari yaliyokwisha kutumika ili kufukuza mchwa. Yanasaidia, lakini yanashika moto na yana sumu. Tupake nje tu, mbali na jiko, mbali na mikono ya watoto, na mbali na pipa la maji ya mvua.

Kiangazi ni wakati wa moto pia. Nyumba za mbao zimeshikana, na nyumba moja ikiungua, avenyu nzima inalia. Mbabula isiingie chumbani pa kulala: moshi usioonekana wa makala unaua watu waliolala. Majivu yazimwe kwa maji kabla ya kutupwa. Buji isimame ndani ya kopo, si juu ya kiti cha plastiki. Waya wa umeme uliounganishwa kwa mfuko wa plastiki utengenezwe na fundi anayejua, hata kama fundi wa bei rahisi yuko mlangoni. Na ndoo ya mchanga ikae karibu na mlango. Watoto waambiwe si ya kuchezea.

Kazi za mvua: mwezi wa tisa hadi wa tano

Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Maji yake tusiyanywe. Baada ya kila mvua kubwa, mmoja wa watoto wakubwa azunguke nyumba na kutoa habari: mufereji unapita? Kuna maji yaliyosimama? Maji yaliyosimama katika makopo na matairi yanazaa mbu, na mbu wa homa wanajulikana kwetu sote. Pipa lifunikwe.

Choo kiangaliwe kabla ya mvua kuzidi. Maji ya nje yasiingie ndani ya shimo, kwa maana shimo likijaa linamwaga uchafu kwa walio chini, na kipindupindu kinapita hapo hapo. Panga udongo na mawe kuzunguka choo ili maji yapite kando. Kifuniko kiwepo, na maji ya kunawa yawe karibu.

Mwezi wa tatu na wa nne, ardhi ikiwa imelowa sana, macho yetu yawe juu ya mulima. Kuna alama ambazo hazitaki sementi: ufa katika udongo unaopanuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, nguzo inayoinama, maji yanayotoka ardhini mahali ambapo hayakutoka zamani. Piga vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima kati yao kwa kamba, fanya fundo. Pima tena kesho. Kamba ikiwa fupi, usingoje fundi. Toa watoto, lala kwa jamaa au kwa jirani, mwambie chefu wa kartie. Nyumba tutajenga tena. Tunajua mama waliorudi kuchukua sufuria.

Pesa na maneno

Mtatuuliza: na pesa? Mwaka huu katika likelemba yetu tumefungua kasha la pili, kasha la nyumba. Kila mama anaweka faranga 500 kwa juma. Peke yake, mwaka ukiisha ana faranga 26.000. Tukiwa mama 20, kwa juma moja tunapata 10.000, na kwa majuma manne 40.000. Haijengi nyumba, lakini inanunua misumari, inalipa fundi nusu siku, inatengeneza gutiere ya mmoja mwezi huu na ya mwingine mwezi ujao. Tulinunua pia ngazi moja ya wote. Inatembea kutoka nyumba hadi nyumba, na anayeichukua anaandika jina katika daftari.

Kwa mama wapangaji: kabla ya kutengeneza kitu kikubwa, mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake. Mkikubaliana kwamba gharama itatoka katika pesa ya nyumba, muandike, kila mtu atie sahihi, na shahidi mmoja awepo. Weka karatasi za mahali uliponunua vitu. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku ya kulipa.

Na kwa wale ambao baba wa nyumba anasema kila siku "nitafanya kesho": usigombane naye usiku wa mvua. Mwite asubuhi ya jua, mwonyeshe zile nyota za paa, umuulize ni siku gani. Andika siku hiyo ukutani. Wengine wetu tulijaribu. Baba alipoona watoto wanaisoma tarehe kwa sauti, akatafuta nyundo.

Kazi ya juma hili

Siku ya posho ijayo, saa mbili asubuhi, hatutakuwa na mkutano wa kukaa. Tuje na majembe, ndoo, fagio na nguo za kazi. Tutaanza na gutiere yetu wenyewe, tuipime kwa ndoo ya maji kama tulivyoeleza. Kisha tutateremka kuchimba mufereji pamoja na mama jirani wa chini, ambaye tangu mwezi wa kwanza anaweka faranga zake 500 katika kasha pamoja nasi. Tulipomwambia kwamba mufereji wake utafika hadi mwisho wa jiko, alitukatalia. Alisema chini yake pia kuna mama, na huyo ana mtoto mchanga.

Kwa hiyo mtu aje na kamba ndefu.